Jinsi ya kulinganisha virutubisho vya dukani: geuza kopo, soma nyuma

Mwaka jana wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita, akaenda kliniki wakampima wingi wa damu wakakuta 9.2, yaani iko chini, nesi akamuuliza vile vidonge vya damu tulivyokupa unakunywa? Akajibu niliacha, vilikuwa vinanichefua na choo kinatoka cheusi, nimenunuliwa vya Marekani. Na kweli kaka yangu alikuwa ameagiza kopo la zile pipi laini za kutafuna, gummies watu wanaziita, za wajawazito, limechorwa tumbo la mama na maua, bei yake na usafiri ikafika kama elfu tisini. Jioni nikalichukua lile kopo nikaligeuza nikasoma nyuma mstari kwa mstari. Vitamini D ipo, B12 ipo, iodini ipo, folic asidi ipo. Chuma hamna. Sio kwamba kilikuwa kidogo, hamna kabisa. Miezi mitatu mtoto wa watu anatafuna pipi huku vidonge vya bure vya kliniki, vyenye chuma miligramu 60 kila kimoja, vimelala kwenye droo.

Kopo halikudanganya, maana hakuna sehemu lilipoandika kwamba lina chuma. Gummies nyingi hazina chuma, kinaharibu ladha na pia ni hatari mtoto akizila kama peremende. Shida ni kwamba katika nyumba yenye watu wazima wanne hakuna hata mmoja aliyegeuza kopo.

Mimi sio daktari wala mfamasia, kazi yangu ni hesabu za duka, ila baada ya lile tukio nilikaa chini nikajifunza kusoma haya makopo kama ninavyosoma risiti, na sasa kila mtu kwenye ukoo akitaka kununua virutubisho ananitumia picha kwanza. Naandika hapa hatua ninazofuata ili na wewe uweze kufanya mwenyewe. Unahitaji kalamu, karatasi, na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: jua unatafuta nini kabla hujaingia dukani

Watu wengi wanaingia famasi wanasema naomba vitamini. Vitamini ipi? Huwezi kulinganisha vitu viwili kama hujui unavilinganisha kwa kipi. Kama tatizo ni damu, pima kwanza damu, maana damu inaweza kupungua kwa sababu ya minyoo, malaria, hedhi nzito, upungufu wa B12 na mengine mengi, sio kila upungufu unatibiwa na chuma. Na mwenye selimundu asinunuliwe vidonge vya chuma eti kwa sababu damu yake iko chini, aende kwa daktari wake, mara nyingi anachopewa yeye ni folic asidi.

Ukishajua unachotafuta, andika juu ya karatasi kiasi unachohitaji kwa siku. Nakupa vichache ninavyovitumia. Mama mjamzito, pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na folic asidi maikrogramu 400 kila siku. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa ambaye hana mimba anahitaji chuma kama miligramu 18 kwa siku kutoka chakula na vidonge kwa pamoja, mwanaume mtu mzima 8 tu. Zinki ni miligramu 8 kwa mwanamke na 11 kwa mwanaume. Kalsiamu ni 1000, na kwa kina mama waliovuka 50 ni 1200, lakini hiyo ni jumla ya chakula chote cha siku, dagaa, maziwa, mboga, sio lazima yote itoke kwenye kopo. Vitamini D ni maikrogramu 15, wazee zaidi ya 70 ni 20.

Hatua ya 2: tafuta boksi la nyuma

Maandishi makubwa ya mbele ni tangazo. Nyuma kuna boksi dogo la maandishi ya kuumiza macho, piga picha kwa simu halafu ikuze. Kwenye makopo ya Marekani linaitwa "Supplement Facts". Kwenye dawa za India, Uingereza na za viwanda vyetu mara nyingi ni mstari unaoanza na "Each tablet contains" au "Each 5 ml contains". Humo ndimo unapotoa namba zako, sio kwingine.

Kama boksi halipo, au halina kiasi, hapo kulinganisha kumekwisha, rudisha kopo. Kuna bidhaa nyingi zinauzwa kwenye semina na kwa kupitia marafiki, nyuma zimeandika "Proprietary Blend 500 mg" halafu linafuata jina la mimea ishirini. Maana yake ni kwamba mimea yote ishirini kwa pamoja ina uzito wa miligramu 500, lakini kila mmoja uko kiasi gani hawakwambii, inawezekana wa kwanza umechukua 480 na waliobaki wamegawana vumbi. Huwezi kuuweka kwenye karatasi yako mchanganyiko ambao mwenye nao amekataa kusema kilichomo.

Angalia hapo hapo tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, zipo na hazijafutwa?

Hatua ya 3: dozi ni vidonge vingapi?

Hapa watu wanapigwa kila siku. Juu kabisa ya boksi kuna "Serving Size". Namba zote zilizo chini yake ni za dozi hiyo, sio za kidonge kimoja. Kopo likiandika kalsiamu miligramu 600 na "Serving Size: 3 tablets", kila kidonge kina 200. Kopo lenye vidonge 90 unaona la miezi mitatu kumbe la mwezi mmoja.

Dawa za maji ndio zaidi. Chupa moja imeandika kiasi kwa kila mililita 5, nyingine kwa kila mililita 15, ya pili inaonekana ina nguvu mara tatu na wakati ukigawanya unakuta zinalingana. Na ule mchezo wa kupima kwa kijiko cha chai cha nyumbani uache, vijiko vinatofautiana sana, tumia kile kikombe cha plastiki kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano.

Kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu kiandike kwa siku. Ukinywa kopo hili kama lilivyoelekeza, kwa siku unapata kiasi gani, basi. Mafuta ya samaki pia yafanyie hivyo hivyo: mbele imeandikwa 1000 mg lakini hiyo ni uzito wa mafuta yote, unachotafuta ni EPA na DHA, ambayo ndio omega-3 yenyewe, na kwenye kapsuli ya kawaida unakuta EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Kapsuli nyingine ya 1000 hiyo hiyo inaweza kuwa na 600. Zote mbele zimeandika elfu moja.

Hatua ya 4: tofautisha chumvi na madini yenyewe

Hii ndio hatua muhimu kuliko zote na ndio inayonisikitisha zaidi, kwa sababu watu wanalipa hela nyingi bila kuijua.

Chuma hakiwekwi kwenye kidonge kikiwa peke yake. Kinafungwa na kitu kingine, kinakuwa chumvi, kwa mfano ferrous sulphate, ferrous fumarate, ferrous gluconate. Ni kama kununua mahindi ya kuchoma yakiwa na gunzi, uzito kwenye mzani sio uzito wa punje. Sasa makampuni mengine yanaandika uzito wa chumvi nzima, mengine yanaandika uzito wa madini peke yake, ukizilinganisha namba hizo moja kwa moja umepotea.

Ferrous fumarate, theluthi moja ya uzito wake ndio chuma. Kidonge cha miligramu 200 kina chuma kama 65. Ferrous sulphate ile kavu ya vidonge vya 200 nayo inatoa kama 65, lakini ile yenye maji ndani yake, heptahydrate, ni asilimia 20 tu, yaani 300 inatoa 60. Ferrous gluconate ni asilimia 12, kidonge cha 300 kinakupa kama 35. Umeona? Vidonge viwili vyote vimeandikwa 300, kimoja kina 60 kingine 35.

Sasa mtu anachukua kopo la Marekani limeandika "Iron 18 mg" na boksi la famasi limeandika "Ferrous Sulphate 200 mg", anasema hiki cha pili kina nguvu mara kumi na moja, naogopa. Hapana. Kile cha kwanza kimeandika madini yenyewe, cha pili kimeandika chumvi. Linganisha 18 na 65, ni mara tatu na nusu hivi.

Kalsiamu ndio kichekesho cha kuliza. Calcium carbonate ni asilimia 40, kwa hiyo kidonge cha 1250 kina kalsiamu 500. Calcium citrate ni 21. Calcium lactate ni 13. Calcium gluconate ni 9. Mama yangu mdogo alikuwa ananunua calcium lactate za miligramu 300, anameza kimoja asubuhi kimoja jioni kwa ajili ya mifupa, na anajiona amemaliza kazi. Piga hesabu: 300 mara asilimia 13 ni kama 39. Viwili kwa siku ni 78. Glasi moja ya maziwa ya robo lita ina karibu 300. Ili apate 500 kwa vile vidonge angetakiwa ameze 13 kwa siku, na alikuwa amevimeza kwa miaka miwili huku maziwa ameacha kwa sababu "nakunywa dawa".

Magnesiamu hali ni hiyo hiyo, oxide ni asilimia 60 lakini mwili unaifyonza vibaya, citrate ni 16 hivi ila inafyonzwa vizuri zaidi.

Utajuaje lebo imeandika ipi? Angalia kineno "as" au "equivalent to". Ikiandikwa "Zinc (as zinc gluconate) 50 mg", hiyo 50 ni zinki yenyewe. Ikiandikwa "Zinc gluconate 50 mg" bila maelezo mengine, hiyo ni chumvi, na zinki ndani yake ni kama 7. Kineno hicho kimoja kinafanya tofauti ya mara saba. Kwenye boksi la "Supplement Facts" namba huwa ni ya madini yenyewe, mashaka yako yaelekeze zaidi kwenye maandishi ya mbele na kwenye maboksi ya famasi. Vile vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, vya kuyeyusha kwenye maji, 20 iliyoandikwa ni zinki yenyewe, usimwongezee mtoto kwa kudhani ni chumvi. Mpe kiasi alichoandikiwa kliniki, na amalize siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumeacha.

Hatua ya 5: geuza vipimo vifanane

Miligramu moja ni maikrogramu 1000. Kwenye lebo maikrogramu huandikwa mcg au µg. Inaonekana rahisi lakini folic asidi inawachanganya watu sana. Kidonge cha kliniki kina 0.4 mg, hiyo ni maikrogramu 400. Kile kidogo cha njano cha folic asidi peke yake kinachouzwa famasi kwa bei ya pipi ni 5 mg, yaani maikrogramu 5000, mara kumi na mbili na nusu. Mjamzito anaona cha 5 ndio bora. Sikiliza hapa tafadhali: mjamzito kwenye maeneo yetu ya malaria anapewa dawa ya SP kliniki kumkinga, na folic asidi ya 5 mg au zaidi inapunguza nguvu ya ile SP. Ya 0.4 haina shida hiyo. Kwa hiyo usijiongezee 5 mg mwenyewe, kama daktari amekuandikia kwa sababu maalum basi mkumbushe kwamba unapewa SP.

Pia folic asidi ya Marekani sasa inaandikwa kwa DFE, kipimo chao cha kuilinganisha na folate ya kwenye chakula. Wanaandika "Folate 600 mcg DFE" halafu kwenye mabano "360 mcg folic acid". Unayoilinganisha na ya kliniki ni ile ya kwenye mabano. Ile gummy ya wifi ilikuwa hivyo hivyo, 600 ikionekana kubwa kuliko 400 ya kliniki kumbe ni 360.

Vitamini D huandikwa pia kwa IU, kipimo cha kimataifa, na IU 40 ni maikrogramu 1. Kwa hiyo IU 1000 na 25 mcg ni kitu kile kile, usilipie zaidi kwa sababu elfu moja inaonekana nyingi. Na zile kapsuli za IU 50,000 ni maikrogramu 1250 kwa mpigo, ni dozi ya matibabu ambayo kwa kawaida inaandikwa mara moja kwa wiki, sio ya kumeza kila asubuhi na chai. Vitamini A ya retinol, IU 1 ni maikrogramu 0.3.

Hatua ya 6: asilimia isikutawale

Pembeni ya kila namba kuna asilimia. Watu wanalinganisha asilimia kwa sababu ni rahisi kusoma, lakini asilimia ya nini? Marekani wanapima kwa "Daily Value" yao, Ulaya wanapima kwa NRV yao, vyote ni kiasi cha mfano cha siku, na haviko sawa. Chuma, Marekani 100% ni miligramu 18, Ulaya 100% ni 14. Kalsiamu, Marekani 1300, Ulaya 800. Vitamini D ndio imezidi, Marekani 20 mcg, Ulaya 5.

Chukua kidonge kimoja chenye vitamini D 25 mcg. Kikipewa lebo ya Marekani kitasoma 125%. Hicho hicho kikipewa lebo ya Ulaya kitasoma 500%. Ndugu yako akikuletea kopo kutoka Houston na mwingine akakuletea kutoka London, utaona la London lina nguvu mara nne, na ndani ni kilekile. Kwenye karatasi yangu asilimia sizipi hata safu, naandika mg na mcg tu.

Asilimia 5000 ya vitamini B12 nayo isikutishe wala isikufurahishe, B12 ya kumeza mwili unachukua sehemu ndogo tu ya dozi kubwa, inayobaki inapita.

Hatua ya 7: weka bei ya kila miligramu

Hapa sasa ndio kwangu. Tuseme kopo la kwanza ni sh 35,000, vidonge 60, kila kimoja chuma 18. Boksi la pili ni sh 6,000, vidonge 30, ferrous fumarate 200, kwa hiyo chuma 65 kila kimoja. La kwanza: 35,000 gawanya kwa 60 ni sh 583 kwa kidonge, gawanya tena kwa 18 ni kama sh 32 kwa kila miligramu ya chuma. La pili: 6,000 kwa 30 ni sh 200, gawanya kwa 65 ni sh 3. Mara kumi. Na vya kliniki kwa mjamzito ni bure.

Sisemi bei nafuu ndio bora daima. Kuna mtu tumbo lake haliwezi 65 kwa mara moja, huyo dozi ndogo itamfaa kuliko kubwa anayoitupa. Kidonge kilichobaki kwenye droo kina miligramu sifuri. Kuna pia vile vya mjamzito vyenye virutubisho 15 pamoja, chuma 30, folic asidi 400, zinki 15, iodini 150 na kadhalika, ambavyo vinaitwa MMS na vimeanza kutolewa kwenye baadhi ya nchi zetu badala ya chuma na folic peke yake. Ukipewa hivyo usilalamike kwamba chuma ni nusu, 30 iko ndani ya lile pendekezo la 30 hadi 60, isipokuwa kama damu yako tayari iko chini ndio uulize kama unahitaji cha kuongezea.

Hatua ya 8: jumlisha makopo yote ya nyumbani

Ukishachagua, weka mezani kila unachokunywa, hata dawa ya maji ya hamu ya kula, hata unga, na ujumlishe kirutubisho kimoja kimoja. Mtu mmoja anaweza kuwa anakunywa multivitamini yenye zinki 15, ya kinga yenye zinki 25, na ya nywele yenye 15, jumla 55, wakati kikomo cha mtu mzima ni 40 kwa siku. Zinki nyingi kwa muda mrefu inamnyima mwili shaba na hiyo yenyewe inaleta upungufu wa damu.

Vikomo ninavyoviandika pembeni: chuma 45 kwa anayejinunulia mwenyewe (ukiwa kwenye matibabu daktari anaweza kukupa zaidi, hiyo ni kazi yake), zinki 40, vitamini D maikrogramu 100, folic asidi 1000 mcg, vitamini A ya retinol 3000 mcg. Hii ya mwisho mjamzito aichukulie kwa uzito kabisa, retinol nyingi inaweza kumharibu mtoto tumboni. Mafuta ya ini la samaki, cod liver oil, yana vitamini A, sio sawa na mafuta ya samaki ya kawaida ya omega, majina yanafanana, chupa zinafanana, soma.

Unga wa mlonge, spirulina na ndugu zao

Naulizwa sana kuhusu mlonge. Tangazo linasema una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Na hesabu yenyewe sio ya uongo, gramu 100 za unga wa majani makavu zina kalsiamu kama 2000, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 8, unapata kalsiamu 160 hivi. Glasi ya maziwa 300. Wamelinganisha kitu kilichokaushwa na kitu ambacho karibu chote ni maji, ukikausha chochote namba zinapanda. Na ile ya vitamini C mara 7 ya machungwa ni ya majani mabichi, ukiyakausha na kuyasaga sehemu kubwa ya vitamini C inapotea. Mlonge ni mboga nzuri na mimi napika, ila uhesabu kwa kijiko unachokula kweli, na utakuta majani ya mti wa jirani yanatosha bila kulipia sh 15,000 kwa pakiti.

Spirulina wanaiuza kwa wasiokula nyama kama chanzo cha B12. B12 yake kwa sehemu kubwa ni ile ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Hapo namba ya kwenye lebo haikusaidii kabisa.

Hatua ya 9: kinachoingia mwilini

Lebo inakwambia kilichomo kwenye kidonge, haikwambii kinachofika kwenye damu. Chuma ukikinywa na chai ya rangi au ya maziwa, au kahawa, kinazuiwa, na sisi kila kidonge tunakipeleka na chai. Kinywe na maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja hadi mbili. Kalsiamu na chuma usivinywe pamoja, kimoja asubuhi kingine usiku. Kalsiamu yenyewe usizidishe 500 kwa mara moja, gawanya. Carbonate inywe na chakula, citrate hata tumbo tupu, kwa hiyo mtu anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kila siku citrate itamfaa zaidi hata kama namba zake ni ndogo kwenye karatasi.

Dawa nyingine pia. Chuma na kalsiamu vinashika antibiotiki za doxycycline na ciprofloxacin zisifanye kazi vizuri, na dawa ya tezi ya levothyroxine, hizo zitenganishe kwa masaa kadhaa. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, ile TLD ambayo wengi wanatumia sasa, ameze TLD masaa 2 kabla ya chuma au kalsiamu, au masaa 6 baada yake, au zote kwa pamoja pale anapokula chakula. Hii sijawahi kuona imeandikwa kwenye kopo lolote la kalsiamu.

Kuhusu kuamini namba zenyewe: Marekani, tangu sheria ya 1994, virutubisho haviidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa kama dawa zinavyoidhinishwa, kwa hiyo "Made in USA" sio cheti. Ukiona muhuri wa USP Verified au NSF, hiyo ina maana watu wengine nje ya kampuni wamepima na kukuta kilichoandikwa ndicho kilichomo. Na kabla ndugu yako hajanunua huko, kuna hazina ya lebo mtandaoni ya taasisi za afya za Marekani, NIH, inaitwa DSLD, bure kabisa, unatafuta jina la kopo unaona lebo yake nzima, unapiga hesabu yako ukiwa Mbagala kabla hela haijatoka.

Wifi alirudia vya kliniki. Tulimhamishia usiku baada ya kula, kichefuchefu kikapungua, na choo cheusi nesi akamweleza ni kawaida ya chuma, sio damu iliyoharibika. Gummies alizimalizia kidogo kidogo, tulipojumlisha folic asidi ikawa 760, chini ya kikomo, hivyo hatukuzitupa.

Vidonge vya chuma lakini usiviweke kwenye droo ya kitanda kama alivyokuwa ameviweka yeye. Ni vyekundu au kahawia, vimepakwa sukari, mtoto anaona peremende, na vidonge kumi na kitu vya 60 vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Weka juu kabatini, kwenye kopo lenye kifuniko kigumu. Akimeza usisubiri aonyeshe dalili na usimtapishe, beba kopo lenyewe ili wajue ni chumvi gani na miligramu ngapi, kimbia naye hospitali.